Nyuki wa Eli Preece

Tangu Februari Keziah Preece hakujua kutulia. Ukimwona ameinama, ujue anafunga kamba za viatu aondoke tena. Atateleka uji, atauacha uungue, atatoka mpaka langoni kutazama njia ya mtoni, atarudi, na kabla sufuria haijapoa yuko langoni tena. Mumewe Eli alikwenda kumtoa kondoo aliyenasa ukingoni mwa Mto Wye siku ya mafuriko, na mto ukamchukua. Kondoo alipatikana. Eli hakupatikana.

"Maiti iko wapi?" aliwauliza wanawake waliokuja kumpa pole. "Basi pole ya nini? Mtu amechelewa tu."

Akaviweka viatu vya mumewe vya Jumapili pale kizingitini, na mlango akawa haukomei, usiku wala mchana, ili mtu akirudi asikute nyumba yake imemfungia. Ufunguo, chuma kizito cha urefu wa kiganja, ukabaki msumarini ukishika kutu.

La mlango watu walilivumilia. Lililowakera ni la nyuki. Pande hizo za Herefordshire, huko Uingereza, bwana wa nyumba akifa, nyuki wake huambiwa. Unachukua ufunguo wa mlango, unagonga kila mzinga mara tatu, unasema: bwana wenu amekufa, sasa mimi ndiye wenu, kaeni nami. Wasipoambiwa hununa. Wengine hufa, wengine hufunga safari. Usicheke. Wewe ungekaa kwenye nyumba ambayo hata habari ya msiba hukupewa?

Tamar Skyrme, shoga yake wa nyumba ya pili, hakuchoka kumkumbusha. "Shoga, kawaambie wale wadudu."

"Niwaambie nini?"

"Unajua cha kuwaambia."

"Na wewe unajua lango lilipo," Keziah alijibu, akarudi kusugua chungu alichokwisha kukisugua.

Mizinga yenyewe ilikuwa mitano, ya majani ya ngano, yote kaisuka Eli kwa mkono wake, kila majira ya baridi akiwa ameketi karibu na moto na kisu kati ya meno. Mashati yake yalikuwa yamekwisha kupoteza harufu. Kilichobaki cha Eli chenye uhai ni wale nyuki.

Asubuhi moja ya Mei, jua limechomoza baada ya mvua, Keziah alikuwa anaanika shuka pale mzinga wa katikati ulipoanza kunguruma. Alipogeuka, nyuki walikuwa wanamwagika mlangoni mwa mzinga kama maharage kutoka gunia lililotoboka, wakapaa, wakazunguka juu ya paa la nyumba.

"Wananikimbia!" alipiga yowe. "Tamar! Nyuki wa Eli wananikimbia!"

Akaruka ndani, akanyakua sufuria, akatafuta cha kuigongea, na mkono ukaenda wenyewe msumarini. Maana sheria ya huko ni hii: mwenye nyuki akilifuata bumba lake huku anapiga chuma, asinyamaze wala asilipoteze machoni, nyuki hao ni wake hata watue shamba la nani, na hakuna wa kumzuia kupita. Akatoka mbio, ufunguo unapiga sufuria, ng'anga ng'anga ng'anga, akakatiza shamba la shayiri na kuruka ua wa miiba uliomchania sketi mpaka gotini. Nyuma yake Tamar, mtu mnene, anahema na mzinga mtupu kichwani.

"Fuata nyuki ule asali, waliosema hivyo hawakuwa na kitambi!" Tamar alilia. "Polepole, mama wee!"

Nyuki walitua kwenye mtufaha wa Amos Bufton, wakaning'inia tawini. Na Amos mwenyewe yuko chini yake, ngazi mkononi. Mzinga wake wa pekee ulikufa kwa baridi, na siku zote alikuwa na jicho na mizinga ya Eli.

"Karibu, jirani. Umeniletea wageni."

"Wangu hao, Amos. Sufuria haikunyamaza tangu kwangu."

"Nimeisikia. Hata viziwi wameisikia. Ila sufuria hupigwa na mwenye nyuki. Hawa ni wa nani?"

"Wa Eli. Nani asiyejua?"

"Haya, wa Eli. Mwite Eli aje awachukue, nitamshikia ngazi. Haji? Asiyekuwepo na lake halipo."

"Amos, koma!" Tamar alifoka. "Huna hata haya?"

"Ninayo, tena sana. Kamba niliyomtupia Eli siku ile ya mafuriko niliishika mimi, Tamar, na nilirudi nayo tupu. Tangu hapo huyu salamu yangu haitikii, kana kwamba Eli nimemficha ghalani." Akaiegemeza ngazi kwenye shina. "Aseme mwenyewe nyuki ni wa nani. Akisema, nanyamaza."

Keziah aliuzunguka mtufaha. Akauzunguka tena. Juu yake nyuki wachache walikuwa wanatoka bumbani, wanaelekea mtoni na kurudi, kutafuta makao mapya. Wakinyanyuka tena ni ng'ambo ya mto, na hapo hata sufuria mia hazifai kitu. Hofu ilimrudia, ile ile ya Februari aliyokuwa akiikimbia kutoka jikoni hadi langoni. Safari hii hakukimbia.

Akasogea, akagonga shina kwa ufunguo. Mara tatu.

"Bwana wenu amekufa," alisema. "Eli wangu amekufa. Mto ulimchukua Februari, na mimi sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa sitaki. Sasa mna mimi. Ni wangu, Amos, umesikia? Wangu. Kaeni nami, jamani. Msiondoke na ninyi."

Kisha akalia, kwa sauti, kama wanavyolia watu siku ya kwanza. Tamar alimkumbatia. Amos alivua kofia. Alipanda ngazi, akalitikisa tawi, na bumba lote likaanguka katika mzinga mtupu aliouleta Tamar, kwa kishindo kidogo.

Amos aliurudisha mzinga mwenyewe jioni, umefunikwa shuka. Keziah alikuwa amekwisha kuigonga mizinga mingine, mmoja mmoja. Tamar alileta mkate na jibini, na Keziah akala ameketi, mpaka akamaliza.

Walipoondoka aliviingiza ndani vile viatu, akausukuma mlango, akatia ufunguo. Kitasa kilikuwa kimeingia kutu na kilikataa. Akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akaukaza, mpaka ukazunguka.