Ufunguo Mkononi mwa Orpha

Krik, krak. Ufunguo uligeuka kwenye mlango wa mbele. Mimi nilikuwa jikoni, gizani, mikono imejaa unga. Umeme ulikuwa umeondoka muda mfupi tu kabla, na watoto wa mtaa wetu wote wa Shituru walikuwa bado wanazomea Mwadingusha, kama vile bwawa la umeme lina masikio. Halafu nikasikia ufunguo ukiteremka mfukoni mwa koti la baba mkwe wangu. Basi. Nyumba imefungwa mpaka asubuhi.

Ni nyumba ya kampuni, ya matofali, madirisha yana vyuma. Mlango wa nyuma ulizibwa baada ya wezi kuingia kuchukua nyaya. Ukitaka kutoka, unapita mbele, na mbele kuna kiti cha mzee.

Jioni ile nilitakiwa kuwa parokiani. Sista kutoka Peru, anayefungua nyumba ya uzazi kule Kakontwe, alikuwa amekuja kuchagua mtu wa kusimama kati yake na akina mama: amsikilize yeye kwa Kispanyola, awaambie wao kwa Kiswahili, kisha arudishe majibu. Kesho alfajiri angeondoka. Mwalimu wetu wa Kispanyola, Alphonsine, aliyeishi miaka mingi Bata, mji wa pwani wanakosema lugha hiyo, na mume wake fundi wa magari, alikuwa amemwambia kwamba ana wanafunzi wawili wa kumwonyesha, Patrice na mimi. Darasa letu huwa saa kumi, hivyo kila siku nilirudi kabla ya mlango kufungwa. Siku ya Sista peke yake ndiyo iliyoangukia gizani.

Niliitaka kazi ile kama mtu anavyotaka hewa. Mume wangu Ghislain alitoka jioni moja kwenda machimbo ya Kolwezi, akasema anarudi mwisho wa mwezi. Simu yake haiiti tena. Mimi na mtoto wetu Orpha tumebaki kwa baba yake, tunakula bukari yake, yaani ugali, na kila siku jua likizama ninasikia krik, krak.

Sasa, kwa nini sikwenda tu kumwomba mzee anifungulie? Wakwe zangu ni watu wa Kasai. Kwao, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe usoni, hamtaji jina, wala hapokei kitu mkononi mwake. Hata hapa ninapoandika naona haya, kwa hiyo nitamwita kama Orpha anavyomwita: Kaku, yaani babu. Kuna jogoo anayetolewa ili haya hiyo ipunguzwe, watu wakae, wasemezane. Lakini jogoo huyo hutolewa mume akiwapo, na Ghislain aliondoka kabla ya kumleta. Mimi, binti wa mama wa kabila la Wasanga, niliyelelewa nyumba ya kusema wazi, nilijifunza kuweka sahani juu ya kigoda na kurudi nyuma. Kila neno lilipita kwa Orpha. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." "Mwambie Kaku pole." Mtoto wa miaka mitano, kutwa nzima yuko barabarani kati ya jikoni na sebule.

Wiki nzima nilikuwa nimemtuma. "Enda, umuambie Kaku: mama anaomba, siku ya Sista umufungulie mulango." Alikuwa anakwenda mbio, radio inanguruma kule mbele, anarudi, anaangalia miguu yake. "Kaku anasema apana." Nilimtuma tena asubuhi. Apana. Nilipomwambia Alphonsine, alikunja uso. "Huyo muzee iko na roho ya chuma. Na weye njo unajua kuliko Patrice! Patrice anaomba kitu sawa vile anatapika."

Alikuwa anakumbuka siku ya sabuni, Patrice alipoomba sabuni maneno yakamtoka ovyo. Alishika kipande cha sabuni mbele ya darasa, akasema Kispanyola kina adabu yake: mtu na kitu wote wanatangulia, mtu kwanza, kitu nyuma yake, ndipo kitendo kinafuata. *Me lo das*, unanipa. *Te lo doy*, nakupa. Na ikiwa anayepewa ni mwingine, yule *le* wa kawaida anabadilika: *se lo doy*, nampa.

"Kwa nini anabadilika, mama?" Patrice aliuliza.

"Kwa sababu *le* na *lo* hawawezi kulala kitanda kimoja. *Le* anatoka, *se* anaingia. Weye, hata kwenu haiko hivyo, mugeni akikuya?"

Tulicheka mpaka mlinzi wa parokia akachungulia. Mimi nilirudi nyumbani na sentensi zile, nikawa naosha nazo sahani. Niliona katika Kiswahili chetu, nikisema *nimempa sabuni*, mtu anaingia ndani ya neno, kitu kinaachwa nje. Wao wanawaingiza wote wawili. Ilinipendeza. Nilifikiri: kuna watu wanaoweza kusema yote mara moja, anayepewa na anachopewa, bila kumtuma mtoto.

Basi jioni hiyo, krik, krak ilipokwisha kusikika, nilisimama na unga mikononi. Parokia ni ng'ambo tu ya reli. Nilisikia kwaya yao, kengele, mbwa, kila kitu cha huko nje. Nikasema nijaribu mara ya mwisho.

"Orpha. Enda kwa Kaku. Umuambie: mama anaomba sana, umufungulie sasa, Sista iko anamungojea."

Alikwenda akipapasa ukuta. Na hapo ndipo nilipotambua nyumba ilivyokuwa kimya. Radio ya Kaku hutumia umeme. Wiki nzima ilikuwa inanguruma kati yangu na sebule. Sasa imekufa, na pazia la mlangoni ni kitambaa tu. Nikasikia mtoto wangu akinong'ona:

"Kaku, mama anauliza kama umekula muzuri."

"Ambia mama yako nimekula muzuri. Aksanti." Kisha mzee akakohoa. "Yee kila siku anauliza tu vile? Haniombi kitu?"

"Apana, Kaku."

"Mm." Kiti kikalia. "Ghislain naye hakuniombaka. Nilimuona tu na sakoshi ya manguo."

Orpha akarudi. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Kaku anasema apana."

Nikakaa chini sakafuni. Hasira ilikuja, naam, lakini ilikosa mahali pa kukaa. Mzee hakuwahi kunikatalia. Hakuwahi kuombwa! Bila shaka alikuwa anasikia kutoka kwa majirani kwamba mke wa mwanawe anasoma lugha ya mbali, yeye mwenyewe haambiwi neno, na kila jioni anafunga mlango juu ya kile kidogo alichobakiwa nacho. Na mimi huku jikoni nilikuwa namwita roho ya chuma, kama Alphonsine.

"Orpha," nikasema polepole. "Nimesikia vile umesema."

Akaanza kulia bila sauti. Amezoea kulia hivyo, nyumba yetu ni ya kunong'ona.

"Juu ya nini, mutoto wangu?" nikamwuliza.

"Papa alisema anarudia," akasema. "Kaku akamufungulia mulango. Haikurudia."

Nilimvuta kifuani, unga ukamjaa mgongoni. Ningemwambia nini? Kwamba mimi si baba yake? Anajua. Kwamba Kakontwe si Kolwezi? Kwake yote ni giza lililo nje ya mlango.

"Minye naenda kusema na Sista mumoja," nikamwambia. "Pale kwa kengele, unaisikia? Nikimaliza, nitarudia, nitalala hapa na weye. Kesho nitaenda tena, na nitarudia tena. Kila siku nitaenda na nitarudia, mpaka uchoke kuniona. Lakini kama hautaki, nitabaki. Siwezi kupita dirishani, na kwa Kaku ni weye tu unanisemea."

"Kama nasema apana, utabaki?"

"Nitabaki."

Nilisema nikajua nimeweka kazi yangu, na Kispanyola changu chote, mikononi mwa mtoto wa miaka mitano. Orpha alikuwa anachezea kifundo cha kitenge changu.

Kule mbele, kiti kikalia tena. Nilikuwa nimesahau kwamba pazia halichagui upande: kama mimi namsikia, yeye naye ananisikia. Kaku hakuniita. Hawezi kuniita. Alitembea hatua zake nzito mpaka karibu na pazia, nikasikia chuma kikigusa mbao. Kisha akarudi mpaka kitini, akakohoa kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikawasha kandili, nikasogeza pazia, macho nikayaweka chini. Ufunguo ulikuwa juu ya kigoda, pale ninapowekaga sahani yake. Mzee alikuwa amegeuza kiti kuelekea ukutani ili haya isinishike.

Ningeweza kuuchukua. Lakini Orpha alinitangulia. Aliuchukua kwa mikono miwili, akaukumbatia, akasimama katikati, Kaku nyuma yake, mimi mbele yake. Sikumwomba. Midomo yangu tu ilitembea, *se la*, *se la*, maana ufunguo kwao ni wa kike, mtu na kitu wamekwisha tangulia, kitendo chenyewe kinangojewa. Ng'ambo ya reli kwaya ilinyamaza, ikaanza wimbo mwingine.

Orpha akaniangalia muda mrefu. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia mlango. Kisha akanyoosha mkono, chuma kikaniangukia kiganjani, bado kina joto lake. Akageuka kuelekea kile kiti kinachotazama ukuta, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, hakunong'ona.

"Kaku, nimemupatia mama funguo."