Mdogo Aanze

Gari la zimamoto lilishaanza kutoka getini Violeth alipolidandia, jalada kwapani. Alitumwa na makao makuu kupima jinsi kikosi chetu kinavyoamua mambo mbele ya hatari. Tukifeli, Mkuu Ansbert anavuliwa ukamanda. Mimi ndiye dereva. Darasani nilipita kama mgeni, lakini kutoka Tunduma hadi Mutukula hakuna barabara inayonidanganya.

"Shikamoo, Mzee Shomari. Usitupindue."

"Marahaba. Nikikupindua, maksi atatupa nani?"

Kariakoo tulikuta moshi unatoka kwenye duka la vitenge. Mboni, mtunza stoo, alikuwa amenasa kwenye ghala la chini, anamkoholea tajiri wake kwenye simu.

Kikosi chetu kina desturi: kabla ya amri, mwenye cheo kidogo anasema kwanza, mkuu mwisho. Maana kwetu mkubwa akishasema, mdogo anameza lake. Ndivyo tulivyolelewa. Siku hiyo Ansbert akasahau.

"Tunavunja mlango wa mbele."

"Sawa, mkuu," wakaitikia wote. Leticia, mwenye miezi mitano kazini, naye akaitikia, ila macho yake yalikuwa uchochoroni. Violeth akaandika kitu. Shoka likanyanyuliwa.

Nikashuka. Dereva hana kauli kwenye amri, lakini mvi zina ruhusa yake.

"Mkuu, umetangulia kusema."

Akanitazama kama ananipimia sanda. Kisha akasema, "Shoka chini. Nimefuta. Leticia, anza."

"Rangi ya mlango imevimba, mkuu. Moto uko nyuma yake. Tukiufungua tunaupa hewa, unamshukia Mboni. Marobota yanashushwa kwa mlango wa uchochoroni, nimeyaona nikija kununua kitenge."

"Sasa kwa nini uliitikia?"

"Ulishasema wewe."

Mpagazi mmoja akadakia, "Huo mlango tunawaonyesha tangu mfike, mnatwambia tusogee."

Tukapita uchochoroni. Dakika sita baadaye Mboni alitoka kajitanda kitenge kilicholowa, anaulizia kiatu chake kimoja.

Violeth aliandika kosa moja na sahihisho lake, tukafaulu. Ansbert bado ni mkuu. Siku hizi amri yake anaiandika kwenye kikaratasi na kukitia mfukoni mpaka wengine wamalize. Leticia yuko kikosi cha bandarini. Duka liliungua lote. Mboni anauza vitenge Magomeni, chumba chenye milango miwili. Mimi nilistaafu Machi. Sasa niko Songea. Wiki ijayo sijui barabara itanipeleka wapi.