Madirisha ya Banda la Cuthbert

Dionisia, mmea wa milimani, haifi kwa baridi. Kwao ni nyufa za majabali ya Uajemi, ambako majira ya baridi ni makali kuliko ya bonde letu la Weardale, lakini ni makavu. Huku kwetu kinachoiua ni unyevu. Mmea wenyewe ni kama mto mdogo wa kulalia, wa majani yaliyobanana. Tone likituama katikati, ukungu wa kijivu unaoozesha huingia, na ukishaingia hautoki.

Kwa hiyo jirani yangu Cuthbert Raine aliukuza wake ndani ya banda la vioo lisilo na moto. Chungu alikifukia mchangani, akamwagilia mchanga badala ya mmea, na madirisha ya banda yalikaa wazi kuanzia Novemba hadi Machi, hata theluji ilipoanguka. Majani yaliyokufa aliyatoa kwa kibano, moja moja.

Aliuotesha kwa mbegu mwaka aliooa. Mke alishakufa, mmea ulikuwa umefikia upana wa sahani, na kila Februari ulijaa maua ya manjano hata majani yasionekane. Hakuwahi kumpa mtu kipandikizi. Mimi niliomba mara mbili.

Vuli ile hospitali ilimrudisha nyumbani na saratani ya mapafu. Daktari alisema huenda akafika majira ya kuchipua, huenda asifike. Dada yake, Hilda, alihama kutoka Sunderland kuja kumuuguza. Cuthbert alitaka kitu kimoja tu: kuuona mmea ule ukichanua tena.

"Utauona," Hilda alimwambia mbele yangu. "Nitautunza kama mtoto."

"Usiutunze. Uache kama ulivyo. Mwalimu atakuja kuuangalia."

Mwalimu ni mimi. Nilifundisha kemia hadi nilipostaafu, na nina banda langu la mimea ya milimani upande wa pili wa kilima. Nilikuja mara kwa mara hadi baada ya Krismasi, theluji ilipoziba barabara. Nilimpigia Hilda simu nikamwambia asiguse madirisha.

"Nimekusikia, mwalimu," alisema.

Barabara ilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja bandani. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa na nyufa kuzibwa kwa magunia. Katikati ya sakafu liliwaka jiko la mafuta ya taa. Lita moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji hewani, na maji hayo sasa yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vioo.

Hilda alikuja nyuma yangu, amejifunga shali mbili. "Jamani, maziwa yaligeuka barafu hapo mlangoni! Ningeuacha ufe kwa baridi?"

Niliubonyeza mmea kwa kidole. Katikati palibonyea. Nilikata kwa wembe. Ukungu ulikuwa umefika karibu na ukingo, na matumba yalikuwa ya kahawia. Nikachomoa vijishada vichache vilivyobaki kijani, nikavichomeka kwenye mchanga safi.

"Umekufa?"

"Umekufa."

Hilda alinishika mkono. "Basi mletee mmoja kutoka bandani kwako. Wa manjano si wa manjano?"

"Atajua kabla sijauweka mezani."

"Mgonjwa yule? Hata jina la daktari hakumbuki!"

"Mmea wake ataujua."

Chumba cha Cuthbert kilikuwa na moto mkubwa na dirisha limefungwa. Alinitazama usoni nilipoketi.

"Umekufa kwa maji au kwa kukosa hewa?"

"Hewa."

"Aliwasha moto?"

"Jiko la mafuta ya taa."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Dada yangu huyu! Tukiwa wadogo alimfunika sungura wangu mablanketi matatu."

"Akafa?"

"We mwalimu unaonaje?" Alipumzika kidogo. "Sikiliza. Mwambie ni fukusi. Funza wake walikula mizizi tangu vuli, hakuna ambaye angeuokoa."

"Si kweli."

"Najua si kweli. Mimi naondoka. Yeye anabaki."

Nilimkuta Hilda jikoni akimenya viazi, nikamwambia habari ya funza. Aliweka kisu chini.

"Funza gani?"

"Weupe, wadogo. Wanakula mizizi. Kwa juu huoni kitu."

"Nionyeshe."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulirudi bandani, nikakipindua chungu na kukigonga hadi bonge la udongo likatoka. Mizizi ilikuwa mizima, imefumana hadi ukingoni, hakuna hata mmoja uliotafunwa. Hilda alilivunja bonge kwa vidole, kipande baada ya kipande.

"Wako wapi?"

"Huenda wameshatoka."

Jibu kama hilo nisingelipa maksi hata moja. Hilda alinitazama. Vidole vyake vilikuwa vimejaa udongo.

"Kakutuma yeye."

"Ndiyo."

Alilizima jiko. Akayachomoa magunia yote, akafungua madirisha, ya paani na ya ubavuni, moja baada ya jingine. Lililokwama alilipiga kwa kiganja hadi likaachia. Baridi iliingia, na matone kwenye vioo yakaanza kuganda. Kisha akaingia nyumbani bila kufunga mlango. Nikiwa uani nilisikia dirisha la chumba cha mgonjwa likisukumwa juu.

"Hilda! Unataka kuniua?"

"Unahitaji hewa," alijibu.

Dirisha lilibaki wazi. Nadhani Cuthbert alielewa kwamba uongo wake umegundulika.

Alikufa wiki ya kwanza ya Februari. Siklameni, maua madogo ya rangi ya waridi, zilikuwa zimechanua chini ya mtofaa wake, kwenye theluji, bila kutunzwa na mtu. Vijishada nilivyovichomeka vilioza kimoja kimoja. Cha mwisho nilikitupa Machi. Hilda alirudi Sunderland. Banda aliliacha wazi.