Kitambaa Chekundu Kwenye Mkorosho wa Mzee Kaimu

Mwalimu Prisila aliamini mambo mawili bila wasiwasi: sauti yake na macho ya watoto. Sauti ilifika barabarani. Mwenye bodaboda aliyepita karibu na shule yao, kule Narung'ombe, aliondoka na kipande cha somo la sayansi apende asipende. Macho ya watoto ndiyo yaliyompa kazi.

Siku moja ya mwezi Juni aliwauliza darasa la nne mimea huchipua na kuchanua lini. Wakajibu kwa pamoja, kwa ule wimbo wa darasani, kwamba ni wakati wa mvua. Nje jua lilikuwa kali, mvua zilikwisha zamani, na mikorosho ilikuwa imejaa majani machanga mekundu. Akamwita Ashraf dirishani aseme anachokiona.

"Mkorosho unachipua, mwalimu."

"Na mvua iko wapi?"

Ashraf akafikiri. "Mwalimu, unauliza mimea ya kitabuni au hii ya kwetu?"

Jibu hilo lilimuuma Prisila kuliko matusi. Mtoto wa mkulima wa korosho, aliyejua kunyonya bibo, tunda la mkorosho, kabla ya kujua kutembea, ameamini kwamba mimea yenye maana iko kitabuni na ya kwao inabahatisha tu. Kitabu hakikudanganya, kwa kuwa hata mahindi ya nyumbani kwao yalifuata mvua. Ila nani aliwaambia kwamba kila mmea una tabia ya mahindi?

Akashusha pazia kuukuu la ofisi, jekundu, akalichana vipande. Kila mtoto alitakiwa kuchagua tawi moja la mkorosho, alifunge kitambaa asije akalipoteza, na kila Jumatatu aeleze limefanya nini.

Shakila, aliyeishi na bibi yake kando ya barabara, akanyoosha mkono. "Sisi hatuna mkorosho." Wenzake wawili watatu wakacheka. Huku kwetu kusini, kukosa mkorosho ni kama kukosa ukoo.

"Tafuta tawi popote," Prisila alimwambia. "Kutazama hakuna ushuru."

Hapo ndipo alipoteleza. Alikuwa mzaliwa wa Mnero, amekulia kwenye mikorosho, na alijua vizuri kuwa kitambaa chekundu kwenye mti wa mtu si pambo. Ni kago, dawa iliyotegwa. Ama mwenye shamba ametegea wezi, ama adui amemtegea mwenye shamba. Alijua, lakini siku hiyo akili yake yote ilikuwa kwenye majani. Shakila akaenda kufunga chake kwenye mkorosho wa mzee Kaimu, pembeni mwa njia, bila kumwambia mtu.

Mwishoni mwa Julai, maua yalipofunguka, mzee Kaimu alileta vijana wawili kutoka Nachingwea na mashine yao ya kupulizia dawa ya salfa. Kazi hiyo haina subira. Ikichelewa, ubwiri, ugonjwa wa ukungu, unashika maua, yanakauka kama yaliyobabuliwa na moto, na mkulima anabaki na majani. Vijana walipoona kile kitambaa wakazima mashine.

"Mzee, hapa noma," alisema Bakary, mkubwa wao. "Kago la mtu hatuligusi. Tafuta mganga alifungue. Ila kesho mchana sisi tunaondoka."

Mzee Kaimu hakwenda kwa mganga. Aliuliza njiani, watoto wakamtajia shule, naye akaingia ofisini bila hodi. Mwalimu mkuu, Harithi, alikuwa mtu wa amani kupita kiasi. Angeweza kumwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga. Akamwita Prisila haraka.

"Vitambaa vyote vifunguliwe leo," alisema. "Somo lirudi kitabuni. Asiyesikia la mkuu, mwalimu, unajua yanayompata."

Prisila alimgeukia mgeni kwanza. "Shikamoo mzee Kaimu."

"Marahaba," mzee akajibu kwa shingo upande, maana salamu haikataliwi.

"Kosa ni langu, si la mtoto. Kesho asubuhi nitakuja shambani na darasa zima. Vijana wakigoma kupulizia, nitafungua vitambaa vyote kwa mkono wangu na somo limekufa. Wakipulizia, somo linaendelea."

"Na maua yangu yakifa?" mzee aliuliza. "Mie ntahamia kwako, mwalimu, unilishe."

"Karibu sana," alisema Prisila. Maji alishayavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga.

Asubuhi waliwakuta Bakary na mwenzake wameketi juu ya mifuko ya salfa, mti wameupa migongo. Prisila hakuhangaika kuwaambia kwamba huo si uchawi. Mchawi naye angesema hivyohivyo. Alimsogeza Shakila mbele.

"Waambie tawi lako limefanya nini."

Shakila alianza kwa sauti ya chini. Alipolishika tawi, sauti ikatulia. "Nilipolifunga lilikuwa na majani mekundu, laini. Yakawa ya kijani. Halafu kwenye ncha vikatoka vishada vya maua. Ua likifunguka linakuwa jeupe, likikaa linapata mistari ya rangi ya waridi. Jumatatu nikakuta unga hapa. Nikadhani ni majivu, nikapangusa. Jana nikapita tena, umerudi, na kishada cha pili nacho kimepata."

Bakary aliinuka taratibu. Akaliinamisha tawi, kitambaa kikamgusa mkono, naye hata hakujali.

"Ubwiri huu," alisema. "Ndiyo kwanza unaanza. Mzee, ukiachwa siku chache tu unamaliza shamba."

"Na kago je?" mwenzake aliuliza kutoka kwenye mifuko.

Bakary alimtazama Shakila, kisha akatazama kile kishada. "Anayetaka maua yafe hawezi kuyapangusa," alisema, akaenda kuvuta kamba ya mashine.

Prisila aliwahamishia watoto upande unakotoka upepo, salfa ikapanda kama vumbi la njano juu ya mikorosho. Alifurahi mpaka akataka kuimba, akajizuia kwa sababu ya watoto.

Mashine ilipokuwa mbali, Shakila alianza kulegeza fundo la kitambaa chake.

"Unafanya nini?" mzee Kaimu aliuliza.

"Nafungua, babu. Mti ni wako."

"Kiache hapohapo. Wezi wameshasikia habari za kago la Kaimu, unataka kuwaambia ni pazia?" Akamgeukia mwalimu, sauti ameishusha. "Una vingine? Mikorosho yangu ni mingi."

"Kila kitambaa kina mtoto wake, mzee. Ukipokea kitambaa, unapokea na mtoto wa kuja kutazama."

Mzee aliwatazama watoto kama mtu anayeletewa kundi la mbuzi. "Wasinivunjie maua," alisema mwishowe.

Jumatatu iliyofuata watoto walimkuta amesimama njiani anawasubiri, kofia mkononi, macho kwenye mti wa kwanza.

"Haya, binti," alimwambia Shakila. "Tawi langu lina habari gani leo?"

"Tawi langu, babu," Shakila alimsahihisha, kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma.

Mzee Kaimu alimtazama, akautazama na mkorosho alioupanda kwa mikono yake mwenyewe.

"Haya," alisema. "Lako lina habari gani?"