Bingwa wa Presha wa Burma

Mume wangu Nyamai ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kukubali kushindwa. Mkicheza drafti lazima ashinde. Mkila pilipili atamaliza yake, kisha amalize na yenu. Mimi ndiye mkewe, Ndinda, au Mama Jacky. Nauza ugali na kachumbari kwenye bucha yake pale Soko la Burma, kwa hivyo ubishi wa nyumbani huwa tunaumalizia kazini.

Siku moja alikuja Jecinta, mhudumu wa afya wa mtaa wetu wa Makongeni, na mashine yake ya kupima presha. Ghafla wanaume wote wa buchani wakawa na kazi. Kuna mmoja alianza kufagia, na sijawahi kumwona akishika ufagio. Mwishowe Odongo, mwenye bucha ya jirani na mpinzani wa Nyamai wa siku zote, akanyoosha mkono kwa madaha.

"Mia moja ishirini na mbili kwa sabini na nane," Jecinta akasoma.

"Ni hizo tu?" Nyamai akacheka. "Hebu toka hapo, buda. Nikuonyeshe vile wanaume hupimwa."

Akakaa. Mkanda ukajaa upepo, ukamkaba mkono, ukalegea. Jecinta akatazama namba mara mbili. Nyamai akachungulia mwenyewe, akaruka juu.

"Mia moja tisini na nne kwa mia moja na kumi na mbili! Odongo, nimekupiga juu, nikakupiga na chini!"

Hawa ni watu wa mizani. Kwao namba kubwa haijawahi kuwa habari mbaya. Wakagonga visu mezani, wakamwinua Nyamai mabegani na kuanza kumzungusha sokoni. "Bingwa! Bingwa!" Naye huko juu akatangaza supu ya bure kwa kila mtu. Mungu anisamehe, hata mimi nilipiga makofi. Namba ilikuwa kubwa na mume ni wangu.

Jecinta akanivuta aproni. "Mama Jacky, wacha kushangilia. Presha kama hiyo inaweza kumwangusha. Kiharusi hakipigi hodi."

"Lakini haumwi na kitu!"

"Wengi hawaumwi. Ndiyo maana tunapima."

Nikamtazama mume wangu akichekacheka huko juu, meno yote nje, nikaogopa vibaya sana. Pia nilitaka kumchapa na mwiko kwa kuthubutu kutaka kuniacha mjane. Nikaita, hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya meza ya kukatia nyama.

"Baba Jacky! Utumbo wa mutura ukijazwa nyama kupita kiasi, unafanya nini kwa jiko?"

"Unapasuka!" akajibu papo hapo, maana mutura ndiyo fani yake.

"Basi ndiyo hiyo namba yako! Ni mishipa yako inajazwa hivyo!"

Kelele zikakatika. Wakamshusha polepole, kama trei ya mayai.

Jecinta akamkalisha, mgongo kwenye kiti, nyayo chini, mdomo umefungwa. Huo mdomo sikuwa nimeuona umefungwa tangu tuoane. Alipopumzika akapimwa tena. Presha bado ilikuwa juu.

"Twende zahanati sasa hivi," Jecinta akasema.

"Kwani nimeshinda ama nimeshindwa?" Nyamai akauliza kwa sauti ndogo.

"Umeshinda, bingwa," Odongo akamjibu. "Zawadi yako iko huko kwa daktari."

Bucha nzima ikamsindikiza, na zile aproni zao za damu. Mlinzi wa lango la zahanati alipotuona alikimbia kutafuta machela. Nesi naye, alipoona umati, akampima kila mmoja, na wawili zaidi wakabaki na Nyamai kwenye foleni ya dawa. Yule wa ufagio alikuwa mmoja wao.

Nyamai akaanza kumeza tembe kila siku. Mimi nikaondoa lile rundo la chumvi la kuchovyea nyama kwenye ubao wake, akaninunia wiki nzima. Aninunie tu, mradi anaendelea kupumua.

Baadaye Jecinta akarudi. Safari hii hakuna aliyekimbia, na Nyamai akawa wa kwanza kukaa.

"Mia moja ishirini na sita kwa themanini."

"Pole sana, buda," Odongo akampiga bega. "Umeshuka."

"Nimepona!" Nyamai akasema. "Basi dawa naacha."

"Wewe! Meno yakiwa safi unaacha kupiga mswaki?" nikamuuliza.

"Imeshuka kwa sababu unameza," Jecinta akamwambia. "Endelea."

Akanitazama, akatoa tembe mfukoni, akameza mbele ya wote. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikapiga vigelegele mpaka wateja wakaacha kula.

"Kuna harusi?" mmoja akauliza. "Nani anaolewa?"

"Ni mimi," nikamwambia huku machozi yakinitoka. "Tena na huyu huyu."