Jina Mlangoni

"Upande huu haupitiki, shangazi," alisema mfagiaji, ameegemea ufagio kando ya rundo la majani. "Wanafukua bomba. Vukeni."

Nevena alitazama ng'ambo ya mtaa, akasita. "Hata kupenya tu?"

"Wewe penya. Hawa wageni wako sita nani atawatoa shimoni?"

Basi akavuka, mwavuli mwekundu juu, wageni nyuma yake kama bata. Miaka saba alikuwa akiwatembeza watalii jijini Sofia kwa miguu, kilomita kumi kwa siku, na miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga upande ule. Wenzake walidhani anapenda kivuli. Ukweli ni kwamba nyumba namba kumi na nne alikaa dada yake mkubwa, Radka, na mumewe Asen.

Walikosana siku ya arobaini ya mama yao. Ngano ya kuchemsha inayoliwa matangani ikiwa bado mdomoni, Nevena alimwambia Asen mbele ya jamaa wote, "Ulikuwa unamsubiri afe ubaki na nyumba." Asen, aliyemlisha yule bibi kwa kijiko miaka miwili mizima, aliweka sahani chini. Radka ndiye aliyesema, "Toka." Maji yakimwagika hayazoleki, na Nevena alikuwa na kiburi cha kuutosha ukoo mzima. Akatoka, akaanza kutembea, na hajatulia mpaka leo.

"Tazameni juu!" akasema sasa, akiongeza mwendo. "Vibaraza vya chuma, wale wanawake wa mawe waliobanduka pua. Waliojenga hapa walitaka wafanane na watu wa Vienna. Mbele kule ni mlima Vitosha, umejifunika ukungu. Twendeni, twendeni!"

Majani ya njano yaliwaangukia mabegani. Wageni walitaka kupiga picha, yeye hakuwapa nafasi. Ila Duarte, mwalimu mstaafu kutoka Ureno, alikuwa mtu wa maswali, na mtu wa maswali hakimbizwi. Alisimama palepale kwenye mlango wa namba kumi na nne.

"Bi Nevena, hizi karatasi ni za nini? Naziona kila mahali, milangoni, mitini, vituoni."

"Ni wafu wetu," Nevena akajibu, ameupa mlango mgongo. Maneno hayo aliyajua kwa moyo. "Mtu akifa tunabandika tangazo lenye picha yake mlangoni. Siku ya arobaini tunabandika tena, na mwaka ukitimia tena. Hatuwafichi."

"Na hii inasemaje?"

"Zote zinasema yaleyale."

"Lakini hii ni mpya. Gundi bado mbichi."

Akageuka. Asen alikuwa akimtazama kutoka kwenye karatasi, amevaa tai. Mdomo wa Nevena, uliozoea kufasiri, ukaendelea kufasiri wenyewe.

"Kwa huzuni tunawatangazia kwamba Asen ametutoka, akiwa na miaka sitini na minane. Mazishi ni Ijumaa, saa nane mchana." Leo ilikuwa Ijumaa. "Wafiwa ni mkewe, Radka. Binti yake, Lilia. Shemeji yake..."

"Shemeji yake?" Duarte akauliza taratibu.

"Nevena," akasema.

Hakuna aliyepiga picha. Nevena alisoma tena jina lake, herufi kwa herufi. Pengine Radka alikuwa anamwita. Pengine alikuwa anaziba tu midomo ya majirani, maana jina la shemeji likikosekana mlangoni jengo zima litauliza. Akienda akafukuzwa, atakuwa amefukuzwa mara ya pili, tena penye jeneza. Asipoenda, hana dada tena mpaka kufa kwake. Alitamani kukimbia na hakujua upande gani.

Simu ikalia. Alikuwa Kalin wa ofisini.

"Nevena, kundi la saa saba limefikia watu kumi na wawili. Usinichelewee."

"Sitakuja. Nina msiba."

"Msiba wa nani?"

Akafikiri. "Wa kwetu," akasema.

"Nevena, utaniua!"

"Mmoja anatosha kwa leo, Kalin." Akakata simu, akampa Duarte mwavuli. "Fuateni barabara ya matofali ya njano mpaka kanisa la makuba ya dhahabu. Bustani ya nyuma ndiyo yenye majani mazuri kuliko yote. Ukiulizwa historia usiyoijua, jibu kwa sauti kubwa. Mimi hufanya hivyo."

"Nenda, mama," Duarte akasema. "Nenda tu."

Kwenye kona alikaa muuza maua, Ganka, mwenye maneno mengi.

"Mangapi leo, mrembo?" akauliza akicheka.

"Manne."

Ganka akaacha kucheka. Sofia nzima inajua, maua ya shufwa ni ya marehemu na ya witiri ni ya walio hai. "Pole, mama. Basi chukua meupe."

"Na moja jingine."

"Matano? Matano ni ya harusi, wewe! Unataka kuaibika?"

"Lifunge peke yake. Hilo ni la aliye hai."

Alirudi mlangoni akabonyeza kengele. Taa ya ngazi ikawaka nyuma ya kioo cha mlango. Viatu vya ndani vikashuka polepole, vikipumzika kila ghorofa.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Radka, imezeeka.

"Dada, ni mimi. Nilikosea. Tena nilikosea mbele za watu." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, mikono yote ilikuwa na maua. "Yule mtu alimlisha mama yetu."

Ufunguo ukaingia tunduni, haukuzungushwa. Nevena akalitenga lile ua moja mkono wa kulia, akangoja. Nyuma ya kioo kivuli kilisimama. Hakikufungua, na hakikurudi juu.