Damu Chini ya Kioo

Usiniambie elimu ni mwanga. Mwanga huo niliuona sokoni Kisegi mwaka 1966, ukamchoma mdogo wangu Filister.

Alikuwa amezika watoto wawili. Wote walianza kwa kulia maumivu ya viungo, vidole vikavimba, macho yakawa ya manjano. Wakwe zake walisema ni chira, laana ya mwanamke aliyevunja mwiko. Alibaki na binti mmoja, Roselyn, naye alikuwa ameanza kulia vivyo hivyo. Mama mkwe alishasema: huyu akifa, Filister afungashe.

Siku ya soko akaja Bwana Ongeri, mtu wa afya kutoka Homa Bay, na hadubini ndani ya sanduku la mbao. Akaiweka mezani karibu na wauza omena, akatueleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, na kwamba seli za damu za watu wengine hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa na kuumiza viungo.

"Hakuna laana hapa," alisema. "Mtoto anarithi kwa baba na kwa mama, wote wawili."

Nilitaka kupiga vigelegele.

Filister akatoa kidole kabla hajaombwa. Damu ikafunikwa kioo, tukangoja. Mzee Cephas, baba mkwe wake, akainama wa kwanza. "Naona mundu," akasema. Filister akasogea, kisha akarudi nyuma. Kwetu mkamwana haweki jicho pale baba mkwe alipoweka lake. Damu yake mwenyewe hakuiona.

"Sasa mume," Ongeri alisema. Nashon akamtazama baba yake.

"Damu ya mwanaume haimwagwi sokoni," Cephas akajibu. "Lakini daktari umetusaidia. Sisi tulidhani ni chira, kumbe ni huyu mama."

"Hapana, mzee! Nusu inatoka kwa..."

Nani angemsikiliza? Chira ina dawa yake, unakunywa manyasi ya mganga, mambo yanaisha. Damu utaiosha na nini?

Wiki haikuisha wakamfukuza Filister, nikaenda kumchukua. Nashon, mwanamume jina tu, alikuwa akishona wavu, hakuinua uso. Filister alikuwa amekwisha kumfunga Roselyn mgongoni Cephas aliposema, "Mtoto umwache. Huyo ni damu yetu."

Nilimtukana mzee yule mbele ya watu, na sijuti. Filister alimfungua mtoto, akamkabidhi mama mkwe, akamwonyesha namna ya kumkanda magoti kwa maji ya vuguvugu, na mahali pa kutogusa.